Kumtambua mtumiaji kwenye seva iliyo mbali: mwongozo kwa watengenezaji wa programu za simu na kompyuta

Tuseme kikundi cha BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) cha Kizingitini, kisiwani Pate, kinataka kuandika samaki kwa programu badala ya daftari. Karani yuko bandani na simu ya Android, anaandika jina la mashua, aina ya samaki, kilo na bei. Mweka hazina yuko Lamu mjini mbele ya kompyuta ya Windows, anatazama hesabu zile zile. Seva imekodishwa mbali, na programu zote mbili huiuliza kwa HTTP na kujibiwa kwa JSON. Kila kitu kinafanya kazi, ila yeyote anayeijua anwani ya seva anaweza kusoma, kuongeza na kufuta apendavyo.

Mwongozo huu ni wa kuziba tundu hilo, tena kuliziba bila kumfungia karani nje kila mtandao unapokatika. Kuweka ukurasa wa kuingia ni kazi ya siku moja. Kuufanya uvumilie mtandao wa visiwani na simu inayoshikwa na watu watatu ndiko kunakotaka fikira.

Usiiamini programu iliyo mkononi mwa mtu

Msimbo wa programu ya simu au kompyuta unakaa kwenye kifaa cha mtumiaji, na kilichomo ndani yake kinasomeka. APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android, ni faili la zip; zana ya bure kama jadx hulifungua na kuonyesha msimbo kwa dakika chache. Kwa hiyo usitie humo nywila ya hifadhidata, wala ufunguo mmoja wa siri unaotumiwa na simu zote. Ufunguo wa namna hiyo hauelezi ni nani anayeuliza. Ukishavuja umevuja kwa wote, na kuubadilisha ni kuitoa programu upya.

Vivyo hivyo na vitufe. Kumfichia karani kitufe cha "Futa" ni adabu ya skrini tu. Njia ya kufuta bado iko wazi kwenye seva, na atakayeiita kwa curl, zana ya kutuma maombi ya HTTP kwa kuandika amri, ataifuta hesabu ya mwezi mzima. Kila ruhusa hukaguliwa na seva, kwa kila ombi.

Kwanza HTTPS, bila mlango wa nyuma

Chukua cheti cha Let's Encrypt, na uiachie programu ya certbot kukihuisha yenyewe. Cheti cha kawaida hudumu siku 90, na kinachosahaulika hufa siku ambayo hakuna mtu ofisini. Bandari 80, ya HTTP isiyosimbwa, usiiache ielekeze maombi ya API (yale ambayo programu huituma seva) kwenda HTTPS. Programu iliyoandikwa "http" kimakosa itakuwa imeshatuma wazi tokeni yake, yaani kibali chake cha siri cha kuingilia, kabla ya kuelekezwa, na kwa kuwa kazi inaendelea hakuna atakayegundua. Ombi la API la HTTP likataliwe kabisa.

Kosa litakaloletwa kwako ni hili: kompyuta moja inasema cheti hakifai ilhali nyingine zote ni sawa. Tazama tarehe yake kabla ya kugusa kitu. Kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mkuu, mara nyingi CR2032, imekufa hurudi miaka nyuma kila umeme unapopotea, na kwa hesabu yake cheti chako hakijaanza kutumika. Dawa ni betri mpya na saa kujirekebisha kwa mtandao. Usizime ukaguzi wa cheti kwenye msimbo, hata "kwa majaribio tu", kwa sababu mstari huo ndio unaosahaulika na kufika kwa watumiaji.

Akaunti na nywila

Kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti moja ya "bmu" inayojulikana na kila mtu bandani haitakuonyesha ni nani aliyebadilisha kilo 14 za kamba mawe zikawa 4.

Namba ya simu ndilo jina rahisi la kuingilia, lakini isawazishe kabla ya kuihifadhi. Mtu huyo huyo leo ataandika 07, kesho +2547, keshokutwa 2547 na nafasi katikati. Ondoa nafasi na vistari, geuza zote ziwe +254 na tarakimu tisa, na usisahau kwamba namba za Kenya huanza kwa 01 pia. Usipofanya hivyo mtu mmoja atakuwa na akaunti mbili na hesabu nusu nusu.

Nywila ihifadhiwe kwa Argon2id, hesabu nzito ya makusudi ambayo matokeo yake hayarudishiki kuwa nywila. Kipimo cha kuanzia kinachofaa seva ndogo ni kumbukumbu (RAM) ya MiB 19, mizunguko 2, na mkondo 1. Watu kumi wakiingia kwa pamoja ni MiB 190, na seva ya GB 1 inahimili. Kama lugha yako ina bcrypt tu, weka gharama isiyopungua 10, na ujue kwamba bcrypt haitazami chochote baada ya baiti 72. Dai urefu wa herufi 8 kwenda juu, kubali hadi 64 au zaidi, ruhusu nafasi kati ya maneno, na usilazimishe kubadilisha kila mwezi. Mtu anayelazimishwa huandika nywila kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Jibu la namba isiyokuwepo na jibu la nywila mbaya liwe moja: "Namba au nywila si sahihi." Muda nao ulingane. Kama akaunti haipo, bado piga hesabu ya Argon2id juu ya nywila ya kubuni, la sivyo jibu la haraka litamwambia mdadisi kwamba namba hiyo haimo.

Tokeni mbili

Kutuma nywila kwa kila ombi kunawezekana, lakini kunailazimisha programu kuihifadhi nywila yenyewe, na kunaitwisha seva hesabu nzito ya Argon2id kila mara. Nywila ipelekwe mara moja, irudi na tokeni mbili: ya muda mfupi, dakika 15, inayofuatana na kila ombi, na ya kuhuisha, siku 30, isiyotumika popote ila kuombea tokeni mpya.

```
POST /ingia
{"simu": "+2547...", "nywila": "...", "kifaa": "Simu ya bandani"}

200
Cache-Control: no-store
{"tokeni": "...", "sekunde": 900, "tokeni_ya_kuhuisha": "..."}

GET /samaki?siku=leo
Authorization: Bearer ...
```

Tokeni iwe baiti 32 za nasibu kutoka kwa jenereta ya usalama ya mfumo, si ile ya kawaida ya michezo. Ukiziandika kwa base64url, uandishi wa baiti kwa herufi za kawaida, utapata herufi 43. Kwenye hifadhidata usiweke tokeni yenyewe, weka SHA-256 yake (alama ya hesabu isiyorudishika kuwa tokeni), pamoja na mtumiaji, kifaa, muda wa kutolewa na wa kuisha, na tokeni iliyoizaa. SHA-256 haifai kwa nywila kwa sababu watu huchagua maneno yanayobahatishika. Baiti 32 za nasibu hazibahatishiki, kwa hiyo hapa inatosha. Na usitie tokeni kwenye anwani ya ombi. Anwani huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, na faili hizo husomwa na wengi.

Wengi watakushauri JWT, tokeni yenye sahihi inayobeba maelezo ya mtumiaji ndani yake. Kwa seva moja na hifadhidata moja hatuoni faida yake: huwezi kuifuta kabla ya muda wake bila kuweka orodha, na ukishaweka orodha umerudi pale pale. Kama unalazimika kuitumia, seva ichague yenyewe aina ya sahihi inayoikubali na isiisome kutoka ndani ya tokeni, ikatae "none" (isiyo na sahihi), na ikague mtoaji, mlengwa na muda, ikivumilia tofauti ya saa isiyozidi dakika moja.

Tumetuma "sekunde 900" badala ya saa kamili ya kuisha kwa makusudi. Kenya iko saa 3 mbele ya UTC. Programu inayolinganisha saa ya UTC na saa ya ukutani huona tokeni ya dakika 15 imekufa kabla haijatumika, na huhuisha kwa kila ombi. Bando linaliwa na hakuna kosa lolote linaloonekana. Hesabu sekunde tangu jibu lilipofika kwa saa ya mfumo isiyorudi nyuma. Simu ikizimwa na kuwashwa, ichukulie tokeni fupi kuwa imekwisha.

Kuhuisha mtandao unapokatika

Ushauri wa kawaida ni kwamba kila tokeni ya kuhuisha itumike mara moja tu. Ukiileta A unapewa B, na A inakufa. A ikionekana tena, seva huchukulia kwamba imeibwa na kufuta ukoo wote wa tokeni hizo. Ushauri ni mzuri, ila tazama kinachotokea bandani. Simu inatuma A. Seva inaiua A, inatoa B, inajibu. Mtandao unakatika kabla jibu halijafika. Nusu saa baadaye simu, ambayo haijawahi kuiona B, inajaribu tena kwa A. Seva inaona mwizi, inafuta kila kitu, na karani anaombwa nywila aliyoiandika mara moja miezi miwili iliyopita, mizani ikiwa na samaki na wavuvi wamepanga foleni.

Baadhi ya mifumo huweka msamaha wa sekunde chache. Msamaha huo unafaa ofisini. Mtandao uliopotea nusu saa hauuponyi. Njia iliyo thabiti ni hii: usiiue A unapotoa B. Iue pale B, au tokeni fupi iliyotoka pamoja nayo, inapotumika kwa mara ya kwanza. Kutumika kwake ndiko kunakothibitisha kwamba jibu lilifika. A ikirudi kabla ya hapo, futa B na utoe C. A ikirudi baada ya B kutumika, hapo kweli kuna nakala mbili mikononi mwa watu wawili, na ukoo wote ufutwe.

Programu nayo ina wajibu wake, na mpangilio ndio muhimu: pokea B, iandike kwenye hifadhi, hakikisha imeandikika, ndipo utumie tokeni mpya. Ukitumia kwanza na kuandika baadaye, simu ikazimika katikati, A itakuwa imeshakufa na B haipo.

Tena, uhuishaji uwe mmoja kwa wakati mmoja. Programu ikifunguliwa asubuhi hutuma maombi manne au matano kwa mpigo, yote yanajibiwa 401 kwa kuwa tokeni fupi imekwisha, na kila moja linakimbilia kuhuisha kwa A ile ile. Weka kufuli: wa kwanza ahuishe, wengine wamsubiri na watumie alicholeta. Kwenye Windows, kama mweka hazina anaweza kufungua programu mara mbili, kufuli liwe la mfumo mzima, si la dirisha moja.

Maana ya majibu yashikwe sawasawa. 401 ni "sikujui": huisha mara moja, rudia ombi mara moja, na ukipata 401 tena mpeleke mtumiaji kwenye kuingia. 403 ni "nakujua lakini huruhusiwi": mwambie, usihuishe. Kukosa mtandao hakumo katika hayo mawili, na programu isimtoe mtu kwa sababu seva haikujibu. Seva inayorudisha 401 pale inapopaswa 403 huifanya programu izunguke bila kikomo.

Simu moja, watu watatu

Yaliyoandikwa bila mtandao hukaa kwenye foleni ndani ya simu. Kila andiko libebe kitambulisho cha aliyeliandika, na litumwe kwa tokeni yake yeye tu. Usipofanya hivyo, karani wa jioni ataingia, mtandao utarudi, na samaki wa asubuhi wote watapanda seva kwa jina lake. Upande wa seva, jina la mwandishi litoke kwenye tokeni. Sehemu ya "mwandishi" ndani ya JSON isiaminiwe kamwe.

Kila andiko lipewe pia UUID (kitambulisho cha nasibu cha peke yake) simuni, na hifadhidata ikatae UUID kujirudia. Ombi lililofika ilhali jibu likapotea litatumwa tena, na bila kinga hiyo changu wale wale watahesabiwa mara mbili.

Muda wa mtu ukiisha, usifute foleni yake. Ujumbe useme wazi: "Muda wako umekwisha, ingia tena. Uliyoyaandika yamehifadhiwa kwenye simu hii." Sentensi hiyo ya pili inazuia watu kuanza kuandika upya kila kitu.

Mahali pa kuweka tokeni ya kuhuisha

Kwenye Android isimbe kwa ufunguo ulio ndani ya Keystore, hifadhi ya funguo ya mfumo wenyewe. Kuna mtego hapa: nakala ya akiba ya Android hurudisha faili lako kwenye simu mpya, lakini ufunguo wa Keystore hauhami. Programu inajaribu kufumbua, inashindwa, inaanguka kila inapofunguliwa. Litoe faili hilo kwenye nakala ya akiba, na kufumbua kukishindikana lifute na umwombe mtu aingie.

Kwenye Windows tumia Credential Manager au DPAPI, zana za Windows yenyewe za kulinda siri. Credential Manager haipokei zaidi ya baiti 2560 kwa kitu kimoja. Herufi 43 zinaenea, JWT kubwa huenda isienee. Ulinzi wake ni wa akaunti ya Windows, kwa hiyo ofisi inayotumia akaunti moja ya Windows kwa wote haina ulinzi kati yao. iPhone na Mac zina Keychain.

Kutoka kwenye programu ni mambo mawili: kufuta kwenye seva, kisha kufuta kwenye kifaa. Mpe msimamizi orodha ya vifaa na kitufe cha kukata kimojawapo. Simu ikipotea Mokowe, asilazimike kubadilisha nywila za kikundi kizima.

Wanaobahatisha nywila

Usizuie kwa anwani ya IP peke yake. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na ukifunga anwani baada ya makosa matano unaweza kumfungia asiyehusika. Hesabu makosa kwa akaunti: baada ya makosa 5 msubirishe dakika moja, kisha mbili, kisha nne, hadi robo saa. Kwa IP weka kikomo kikubwa, mfano majaribio 100 kwa dakika 10. Usiifunge akaunti moja kwa moja, maana atakayetaka kumkera mweka hazina atahitaji namba yake tu.

Nywila ikisahaulika, msimbo wa SMS wa tarakimu 6 udumu dakika 10, ukubali majaribio 5, na ukishatumika futa tokeni zote za mtu huyo. Laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli, kwa hiyo mwenye ruhusa ya malipo aongezewe TOTP: tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, zinazotengenezwa na simu yenyewe bila mtandao wala salio. Seva ikubali na hatua moja kabla na moja baada, kwa ajili ya saa zilizopishana.

Ukitaka watu waingie kwa akaunti ya Google au ya mfumo mwingine

Hapo njia ni OAuth 2.0 yenye PKCE (kinga dhidi ya jibu la kuingia kunaswa na programu nyingine), na nywila isipite kwenye programu yako hata kidogo. Fungua kivinjari cha mfumo. Google inakataa kuingia kupitia kivinjari kilichopachikwa ndani ya programu. Tengeneza baiti 32 za nasibu, ziwe herufi 43 za base64url: hiyo ndiyo `code_verifier`. Piga SHA-256 yake, iandike kwa base64url, itume kama `code_challenge` yenye mbinu ya `S256`, pamoja na `state` ya nasibu utakayoikagua jibu likirudi. Ukipata `invalid_grant` bila sababu ya kueleweka, tafuta kwanza alama za "=" mwishoni mwa base64; hazitakiwi.

Kwenye kompyuta jibu hurudi kwa 127.0.0.1 na bandari yoyote iliyo wazi. Sikiliza kwenye 127.0.0.1 tu. Ukisikiliza kwenye 0.0.0.0, yaani kwa mtandao wote, Windows inaweza kumuuliza mtumiaji kuhusu ukuta wa moto. Kwenye Android tumia kiungo cha HTTPS kilichothibitishwa kuwa chako, kwa sababu kiungo cha jina la kujitungia kinaweza kudaiwa na programu nyingine.

Majaribio na kuwasha

Seva iwe na mlango mmoja wa ukaguzi unaokataa kila njia isipokuwa iliyotajwa kuwa wazi, yaani kuingia, kuhuisha na kuomba msimbo. Njia mpya ikisahauliwa itajifunga, haitajifungua. Kisha jaribu kwa curl: ombi bila tokeni lijibiwe 401, na karani akijaribu kufuta ajibiwe 403. Halafu badilisha namba ya andiko kwenye anwani, ulete la kikundi kingine. Hapo ndipo programu nyingi hufeli, kwani zimekagua kwamba mtu ameingia na hazikukagua kwamba andiko ni lake. Simuni, washa hali ya ndege uhuishaji ukiwa katikati, sogeza saa siku moja mbele, badilisha mtumiaji foleni ikiwa imejaa.

Andika kwenye kumbukumbu ni nani aliingia, lini, na kwa kifaa gani, lakini si nywila wala tokeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue kwamba taarifa za watu zimeangukia mikono isiyostahili na zinaweza kuwadhuru. Bila kumbukumbu hutakuwa na la kumwambia.

Usiwashe ulinzi wote siku moja. Toa kwanza programu mpya inayotuma tokeni, seva ikizikagua na kuandika bila kukataa. Isipokuwa njia za kufuta na kubadilisha: hizo zifunge hapo hapo. Njia za kuongeza zifuate pale kumbukumbu inapoonyesha wiki nzima bila ombi lisilo na tokeni, kisha za kusoma. Programu ya zamani isijibiwe 401 tupu. Ipe maneno yanayosomeka kwenye skrini yake, kwamba toleo jipya linapatikana na pa kulipata, kwa kuwa wengi husubiri kuwa na bando la kutosha ndipo wasasishe, na wengine walirushiwa APK na mwenzao na hawajawahi kuifungua Play Store kwa ajili yake.